Maswali ya bustani: kile kimti kifupi cha dhahabu, mbona chanifia?

Mwezi huu wasapu yangu imejaa picha za kitu kimoja tu, kile kimti kifupi kama yai chenye majani ya dhahabu, ambacho wengine mwakiita goldeni saipresi, wengine thuja, na kuna mmoja kaniandikia "ule mti wa krismasi mdogo". Walioniuliza habari za mapapai na ndimu wanisamehe, yao yaja toleo lijalo, leo nimalizane na hili manake naona watu wa Mombasa mwatupa pesa kweli kweli.

Swali: Salaam aleikum dadangu. Mimi niko Bamburi. Tulipomaliza kujenga nkanunua goldeni saipresi mbili kwa wale wauza miche kando ya barabara, muuzaji akanambia hizi hazirefuki na jua ndio chakula chake, nkaziweka kwa mapoti makubwa pande mbili za geti. Ya kushoto ikaanza kuwa brauni kutoka chini, ikapanda, ikafa yote. Ya kulia iko hai lakini ile dhahabu imeenda, imebaki kijani tu. Zote namwagilia asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja. Mume wangu asema jirani ana jicho, mimi nasema ni mbolea. Nani mkweli?

Jibu: Waaleikum salaam mamangu. Jirani mwacheni na jicho lake, na mbolea pia haina kesi hapa. Huo wa kushoto umekufa kwa maji.

Najua wasema vipi maji yaue mti Mombasa na joto lote hili, lakini hebu fanya hivi leo kabla hujautupa: upindue poti, utoe mti na udongo wake mzima, uangalie mizizi. Mizizi mizima ya huu mti yawa ya rangi ya maziwa au hudhurungi nyepesi na ikivutwa haikatiki ovyo. Ukikuta myeusi, laini, ukivuta ganda lachomoka lote lawacha uzi mwembamba katikati, na kuna harufu ya mtaro, basi ndio hivyo, imeoza. Mzizi ukioza hauwezi kupandisha maji, kwa hivyo majani yakauka kama mti wenye kiu, mwenyewe akiona yakauka aongeza maji, na hapo ndio aumaliza kabisa.

Kwenye picha nimeona pia poti lako limekaa kwenye kisahani na kisahani kimejaa maji. Kitoe. Na kama uliweka kokoto chini kama wengi wanavyofundishana eti maji yapite vizuri, sahau hiyo, manake maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ushibe kabisa, yaani umepunguza udongo tu na ule uliojaa maji umeusogeza karibu na mizizi. Tundu la chini likiwa wazi yatosha, weka kipande cha wavu mchanga usitoroke, basi.

Maji utie hivi: chomeka kidole mpaka fundo la pili, kama huko chini kuna unyevu, ondoka. Pakikauka mwaga mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini, halafu nenda zako. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, poti kubwa laweza kutaka maji mara tatu kwa wiki au hata zaidi kukiwa na upepo mkavu. Mvua za Aprili na Mei wala usiguse mpira wa maji. Ukiwa umeupanda ardhini na umeshashika mizizi, kama mwaka hivi, mara moja kwa wiki kwenye joto kali watosha na mvua yafanya mengine. Huu mti asili yake ni Uchina, Platycladus orientalis kwa jina la kitaalamu, zamani ukiitwa Thuja orientalis ndio maana hilo la thuja limeganda, na ni katika hii miti ya jamii ya saipresi michache inayovumilia joto, ukavu na udongo wa chokaa kama wetu wa juu ya tumbawe. Hicho kifupi cha dhahabu ni aina yake iitwayo 'Aurea Nana'. Vumilivu sana kiufupi, lakini miguu yake haitaki kulowa.

Sasa wa kulia. Huo si mgonjwa, uko chini ya mwembe! Nimeukuza hiyo picha nkaona kivuli cha matawi kimelala juu yake. Ile dhahabu yatoka kwenye majani machanga yakipigwa na jua, ukiuweka kivulini majani mapya yazaliwa kijani na ya zamani yageuka kijani, hakuna dawa, hakuna mbolea ya kurudisha. Usogeze upate jua la masaa sita kwa siku angalau. Lakini usiutoe kivulini ukaubwaga juani siku hiyohiyo saa saba mchana, utaungua, utoe polepole, wiki mbili hivi, kwanza jua la asubuhi tu, halafu uongeze. Yale ya kijani hayatakuwa dhahabu usiku mmoja, ngojea machipukizi mapya, utaona ncha zaanza kuwa manjano kama zimechovywa.

Ukinunua wa pili kuchukua nafasi ya marehemu, chagua kwa macho. Huyu wetu ana alama yake nzuri sana: majani yake yamekaa kwenye vibapa vilivyosimama wima, vimepangana sambamba kama kurasa za msahafu uliofunguliwa nusu, ukiupapasa kutoka juu vidole vyapita baina yake. Ukisugua jani haunuki sana. Akiwa na matunda, ni vitufe vidogo vya rangi ya kijani-buluu vyenye vipembe vilivyopinda kama ndoana. Hakuna mwengine mwenye hivyo vipembe pale kwa muuzaji. Halafu chungulia chini ya poti: mizizi ikiwa imejizungusha mara nyingi kama kamba kwenye ndoo, huo umekaa hapo muda mrefu mno, mwambie akutolee mwengine.

Kupanda mimi napenda Juni, masika yakiwa yametulia, ardhi bado ina unyevu na jua la kusi si kali. Shimo upana mara mbili ya poti, kina kisizidi kile cha poti, shingo ya mti isizikwe. Kama kwenu udongo ni mchanga na mawe ya tumbawe changanya udongo mwekundu na samadi iliyooza, iliyooza nasema, si ile bado inafuka moshi, na uinue tuta kidogo maji ya Mei yasisimame. Kiwanja kipya kama chako kitoe kwanza mabaki ya simiti na chokaa walioyazika mafundi, manake wao huzika kila kitu. Mchanga wa baharini usithubutu. Mbolea sasa, kwa sababu naona mkono wakuwasha: kimti hiki hakina njaa, kiganja kimoja cha samadi nzee mara mbili kwa mwaka chatosha, DAP ya mahindi usikipe, yaunguza mizizi.

Swali: Mimi ninakaa Tudor, gorofa ya tatu. Nilinunua goldeni saipresi nyembamba ndefu, nzuri sana, ukiigusa yanuka ndimu. Miezi michache imeanza kukauka ndani, kisha nje, sasa nusu imekuwa kama ufagio. Iko veranda inayopigwa jua la mchana. Niokoe.

Jibu: Babangu, hiyo harufu ya ndimu ndio yanambia kila kitu. Hiyo si ile ya Uchina, hiyo ni Cupressus macrocarpa aina ya 'Goldcrest', ukoo wake watoka Monterey, California, ufukweni lakini ufukwe wa baridi na ukungu, si ufukwe kama wa kwetu. Bara huko kwenye ubaridi wajiweza, hapa Mombasa usiku wenyewe ni joto na hewa imejaa mvuke, hautulii hata saa moja. Halafu si mfupi, ni mwembamba tu ukiwa mdogo, watu wadanganyika na poti.

Kwaruza gome la tawi kwa ukucha, chini yake pakiwa kijani bado hai, pakiwa brauni na pakavu hilo tawi ushalipoteza. Waweza kuusogeza upate jua la asubuhi peke yake na upepo upite, utasukuma miezi kadhaa, lakini sitaki kukupa matumaini ya uongo: sehemu iliyokuwa ufagio haitoi majani tena. Mimi ningeuacha uende nkanunua kitu kingine. Na usikubali kuambiwa na muuzaji "zote ni goldeni", goldeni ziko nyingi, hii haiwezi hapa kwetu.

Swali: Dada, Likoni twatumia maji ya kisima, yana chumvi, ya mfereji yaja akitaka mwenyewe. Kila nikipanda hiki kimti ncha zaungua. Kuna dawa?

Jibu: Dawa ya chumvi ni maji matamu tu, hakuna nyengine. Jaribu kumimina hayo ya kisima kwenye sahani nyeusi uiache juani ikauke, ukiona utando mweupe umebaki ndio huohuo unaorundikana kwenye udongo wa poti kila siku, mpaka chumvi ya nje yazidi iliyo ndani ya mzizi, na hapo mzizi hauvuti maji tena hata uutie pipa zima. Zaanza kuungua ncha kwa sababu huko ndiko chumvi yaishia.

Kinga maji ya mvua. Mabati ya nyumba ndogo tu yajaza pipa kwa mvua moja ya Mei, na kimti kimoja hakinywi sana. Nyote mnanunua maji ya mkokoteni ya kunywa na kupikia, sikwambii ununue ya kumwagilia mauwa, sina kichaa, lakini mara moja kwa mwezi mtungi mmoja wa maji matamu uumimine polepole kwenye poti yapite yatoke chini, yasafishe. Wakati wa mvua litoe poti nje ya kibaraza linyeshewe kabisa kabisa. Na ukitumia vumbi la makumbi kwenye udongo, lioshe kwanza mara mbili tatu, makumbi yakilowekwa baharini huja na chumvi yake.

Kama maji matamu hakuna kabisa, acha kupigana. Wataka rangi ya dhahabu? Panda duranta ya manjano, ile waiitayo goldeni duranta ambayo mahoteli yote ya pwani yaifanya ua, yaota kwa kikonyo, yakatwa vyovyote upendavyo na jua letu yalipenda. Si ya kibeti, yaani haitakaa fupi yenyewe, ukiisahau yapita kichwa chako. Na ikizaa vile vitunda vya rangi ya chungwa vikate, vina sumu, watoto wavipenda kwa sura. Au krotoni, zile za majani ya manjano madoamadoa, bibi zetu walikuwa nazo kila uwanja na hakuna aliyenunua kitabu kujua kuzitunza.

Swali: Twabishana hapa Kongowea. Mwenzangu asema mvinje ni saipresi ya pwani, kwa hivyo aweza kuukatakata ukawa mfupi kama huo wa dhahabu. Ni kweli?

Jibu: Kukatwa wakatika, lakini mvinje si saipresi. Okota kile unachokiita sindano ya mvinje, kivute kwa ncha mbili: chaachana kwenye viungo, na kila kiungo kina vimeno vidogo mno vimezunguka. Hivyo vimeno ndio majani yenyewe, hiyo sindano ni kijitawi. Mvinje ni mti wa maua, maua yake madogo tu hamuyaoni, saipresi hawana maua. Wafananao sura tu.

Lakini mwenzako amechagua mti wa heshima. Bamburi, kwenye mashimo yale waliyochimba tumbawe la simiti, ambapo hata nyasi hazikuota, René Haller, bwana shamba wa kiwanda hicho cha simiti, alianza kupanda miti 1971 na mvinje ndio uliosimama, kwa sababu mizizi yake yaishi na vijidudu vinavyotengeneza naitrojeni, na sindano zake zilipokataa kuoza akaleta majongoo wazitafune ziwe udongo. Ndio sasa mwalipa kiingilio kwenda kutazama twiga pale. Msimu wa jua, sindano hizohizo zilizokauka tandaza chini ya kimti chako cha dhahabu, inchi mbili hivi, ziache nafasi kidogo karibu na shina. Zaweka unyevu na magugu yakoma.

Swali: Nyali hapa. Mtu wetu wa shamba aliuchukua mkasi akaukata kimti duara kama mpira, sasa upande mmoja umekuwa na shimo, waona matawi matupu ya brauni. Shimo litaziba lini? Pia kuna tawi moja limechomoza kijani kabisa na larefuka kuliko mengine.

Jibu: Shimo halizibi, bibie. Hapa ndio tofauti na duranta na bogenvilia mulizozizowea, ambazo ukikata mpaka kigogo zarudi na hasira. Miti hii ikikatwa ikafikia kwenye ule mti mkavu wa ndani usio na majani, hapo hapachipuki tena. Kinachoweza kufanyika ni majirani wa shimo warefuke walifunike, na ni mwaka, miaka, kwa sababu hiki kimti ni mvivu wa kukua, miaka kumi mara nyingi hakipiti mita moja. Ligeuze poti hilo shimo liangalie ukuta, ndio ushauri wangu wa kweli.

Mwambie huyo bwana akitaka kunyoa anyoe ncha tu, sentimita mbili tatu za majani machanga, mkasi uwe mkali, na kusema kweli hiki kimeumbwa na umbo lake, hakihitaji kinyozi. Ile rangi ya brauni iliyo ndani ndani kabisa, karibu na shina, hiyo ni kawaida, majani ya zamani yafa yakaanguka, pukuchua kwa mkono tu. Lakini ukiona vumbi la manjano-kijivu lasambaa kutoka ndani kuja nje wakati wa kaskazi, chukua karatasi nyeupe, shikilia chini ya tawi, ligonge mara mbili. Vidoadoa vikianza kutembea ni utitiri. Upige kwa maji ya mpira kwa nguvu, ndani na chini ya majani, asubuhi, siku tatu mfululizo, wengi huishia hapo. Wakibaki, ponda majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza magharibi jua likizama.

Lile tawi la kijani likate leo, mpaka linapoanzia. Miti hii ya dhahabu mara nyengine hurudi kwenye rangi ya wazee wake, na kijani kina nguvu zaidi, kitaimeza dhahabu yote ukikiacha.

Swali: Niko Mtwapa, nina kitalu kidogo. Naona hivi vimti vyaenda bei nzuri. Nivioteshe kwa mbegu?

Jibu: Usitumie mbegu kaka, zitaota lakini watoto wengi watakuwa kijani na warefu, na mteja atakurudia mlangoni. Otesha kwa vikonyo. Chagua mti mama mwenye rangi kali kabisa, asubuhi na mapema chomoa kwa kuvuta kwenda chini, si kukata, tawi dogo la urefu wa kidole kimoja litoke na kigamba kidogo cha tawi kubwa, hicho kigamba ndio mizizi yaanzia. Toa majani ya chini, chovya dawa ya kuotesha mizizi ya unga kama unayo, chomeka kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa uliochanganywa na makumbi nusu kwa nusu. Funika na nailoni juu ya vijiti, weka chini ya kivuli cha shedineti, fungua kila siku kidogo hewa ibadilike la sivyo ukungu utavila vyote. Anza Juni mpaka Agosti kukiwa na ubaridi kidogo, Februari utapika tu.

Uwe na subira, si duranta hii, na mingine itakufa hata ukifanya kila kitu sawa, kwa hivyo chomeka mingi kuliko unayotaka. Miezi ikipita kishike kikonyo kimoja ukivute kidogo sana. Kikija na wewe bado, kirudishe taratibu. Kikikataa kutoka, ushapata mizizi, kiache wiki mbili tena ndio ukihamishe kwenye poti lake, na bei usipange ya haraka kwa sababu utakaa nacho miaka miwili hivi mpaka kiwe na sura ya kuuzika.